Utumbo Uliokosa Damu: Kinachotibu na Kinachouzwa

Mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani baada ya upasuaji wa utumbo, au baada ya kunusurika kipindupindu au kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, swali la kwanza la jamaa huwa ni la chakula. Ale nini? Anunuliwe nini? Madukani na kwa wachuuzi wanaoingia kwenye matatu na sokoni, jibu liko tayari: mkebe wa poda ya kujenga utumbo, chupa ya bakteria wazuri, vidonge vya kuondoa sumu mwilini. Mkebe mmoja unaweza kumaliza pesa zote zilizobaki nyumbani baada ya bili ya hospitali.

Baadhi ya virutubisho vya nyongeza vina kazi ya kweli kwa mtu ambaye utumbo wake ulikosa damu. Ni vichache, vingi vyao ni vya bei nafuu, na vinasaidia tu vikija kwa zamu yake. Damu hutangulia, chakula hufuata, nyongeza huja mwisho na kwa kipimo. Zamu hiyo ikigeuzwa, nyongeza hiyohiyo inaweza kumdhuru mgonjwa, na majaribio makubwa ya kitabibu yameonyesha hivyo.

Damu ya utumbo ni nyingi kuliko inavyodhaniwa

Mtu akiwa amepumzika, karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo hupitia tumboni, kwenye utumbo, kongosho, wengu na ini. Akila, kiasi hicho huongezeka. Sababu ni kwamba ukuta wa ndani wa utumbo haupumziki. Umejaa vidole vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyofyonza chakula, na ngozi laini inayovifunika hubadilishwa yote kila baada ya siku 3 hadi 5. Sehemu chache sana za mwili hujijenga upya kwa kasi hiyo.

Ngozi hiyo ndiyo inayofyonza chakula na ndiyo ukuta unaozuia mabilioni ya bakteria wa tumboni wasiingie kwenye damu. Damu ikipungua mwilini, iwe kwa kuhara kupita kiasi, kutokwa na damu au maambukizi makali, mwili huchagua. Ubongo na moyo hulindwa kwanza. Mishipa inayokwenda utumboni hubanwa, na vile vidole vidogo huanza kufa kwenye ncha zake, mahali ambapo oksijeni hufika mwisho. Hapo ukuta huanza kuvuja.

Wakati mwingine damu hukatika utumboni peke yake ilhali mwili mwingine uko sawa. Ngiri, ambayo wengine huiita mshipa, inaweza kunasa na kunyonga kipande cha utumbo. Utumbo mpana unaweza kujisokota, hali ambayo madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki huiona mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa Ulaya magharibi. Kwa mtoto mchanga, kipande cha utumbo kinaweza kuingia ndani ya kingine. Mtoto hulia kwa vipindi akikunja miguu, hutapika, kisha hutoa kinyesi chenye ute na damu. Kwa mzee mwenye moyo unaopiga bila mpangilio, donge la damu linaweza kuruka kutoka moyoni na kuziba ateri ya utumbo. Maumivu yake huwa makali mno, ingawa tumbo likiguswa linaonekana laini, jambo linalowafanya jamaa wadhani anadeka.

Katika hali hizi zote saa ndiyo inayoamua. Damu ikizibwa kabisa, ndani ya takriban saa 6 kipande hicho cha utumbo kinaweza kuwa kimekufa pande zote za ukuta wake, na kilichobaki ni kukikata. Kwa hiyo maumivu makali ya tumbo ya ghafla, tumbo kuvimba pamoja na kutapika na kushindwa kutoa hata hewa, ngiri iliyokuwa ikirudi ndani ambayo sasa imekaza na inauma, au damu kwenye kinyesi cha mtoto anayetapika, ni safari ya hospitali yenye chumba cha upasuaji siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku. Dawa ya kuharisha, maji ya sabuni kwa njia ya haja kubwa na kukandwa tumbo hupoteza saa zilizobaki na vinaweza kupasua utumbo ambao tayari umechoka. Hakuna kirutubisho chochote kinachorudisha damu kwenye mshipa ulionyongwa.

Damu ikirudi, kazi haijaisha

Mtu angetarajia kwamba damu ikisharudi, hatari imepita. Mwaka 1986, watafiti wawili wa Marekani, Parks na Granger, walilinganisha utumbo wa paka uliozibiwa damu kwa saa 4 mfululizo na ule uliozibiwa kwa saa 3 kisha ukarudishiwa damu kwa saa 1. Ule uliorudishiwa damu uliharibika zaidi. Seli zilizokaa bila oksijeni huwa zimelimbikiza kemikali ambazo, oksijeni inaporudi kwa ghafla, huzalisha chembe kali zinazotoboa kuta za seli. Askari wa damu nao hukimbilia mahali hapo na kuzidisha uvimbe.

Hii si sababu ya kuchelewa kurudisha damu, kwa kuwa utumbo usiorudishiwa damu hufa kabisa. Lakini ugunduzi huo uliwapa wanasayansi wazo ambalo mpaka leo linauza mikebe mingi: ikiwa chembe kali ndizo zinazoharibu, basi mgonjwa apewe vitamini C, vitamini E na seleniamu za kuzizima. Na kwa kuwa seli za utumbo mwembamba hupenda kutumia glutamini, asidi amino moja iliyomo katika protini, kama mafuta ya kuendeshea kazi zake (jambo lililoonyeshwa na Herbert Windmueller na mwenzake mwaka 1974 kwa kutumia panya), basi mgonjwa aongezewe glutamini ili ukuta ujengeke haraka. Kwa wanyama wa maabara, mara nyingi mawazo haya yalionekana kufanya kazi.

Kwa binadamu walio mahututi mambo yalikwenda kinyume. Jaribio kubwa lililoitwa REDOXS, lililochapishwa mwaka 2013, lilihusisha wagonjwa 1,223 katika vyumba 40 vya wagonjwa mahututi nchini Kanada, Marekani na Ulaya. Wote walikuwa na viungo vinavyoshindwa kufanya kazi, na wengi shinikizo lao la damu lilikuwa limeporomoka. Waliopewa glutamini nyingi walikufa zaidi hospitalini: asilimia 37.2, ikilinganishwa na asilimia 31.0 ya wasiopewa. Vitamini na madini ya kuzima chembe kali hayakuonyesha faida yoyote. Ni vyema kukumbuka takwimu hizo mtu anapoambiwa kwamba poda fulani, hata isiposaidia, haiwezi kudhuru.

Funzo la bakteria wazuri linagusa utumbo wenyewe moja kwa moja. Nchini Uholanzi, hospitali 15 ziliwapa wagonjwa wa uvimbe mkali wa kongosho mchanganyiko wa bakteria hao, unaojulikana kama probiotiki, kupitia mrija uliofika utumbo mwembamba. Nia ilikuwa kuzuia maambukizi. Matokeo, yaliyotolewa katika jarida la Lancet mwaka 2008, yaliwashtua wengi. Maambukizi hayakupungua. Waliokufa kati ya waliopewa bakteria walikuwa asilimia 16, na kati ya wasiopewa asilimia 6. Wagonjwa 9 waliopewa bakteria walipatwa na utumbo kukosa damu, na 8 kati yao walikufa. Upande wa pili hakuna hata mmoja aliyepatwa na hali hiyo. Watafiti wenyewe walidhani kwamba bakteria waliomiminwa kwenye utumbo uliokuwa tayari na damu chache waliongeza mahitaji ya oksijeni mahali ambapo oksijeni ilikuwa haitoshi.

Chakula nacho kinafuata kanuni hiyo. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2018, lenye wagonjwa 2,410 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia na dawa za kupandisha shinikizo la damu, lililinganisha kulisha mapema kwa mrija wa tumboni na kulisha kwa mshipa. Utumbo ulikosa damu kwa wagonjwa 19 waliolishwa tumboni, na 5 waliolishwa kwa mshipa. Idadi ni ndogo, lakini tofauti ni wazi: kumpa kazi utumbo usio na damu ya kutosha ni kumwongezea mgonjwa deni.

Kwa jamaa wanaomtembelea mgonjwa wodini, maana yake ni nyepesi. Uji uliofichwa kwenye chupa ya chai, poda inayochanganywa kimyakimya kwenye maziwa ya mrija, au vidonge anavyopewa mgonjwa muuguzi akigeuka, vinaweza kumfikia wakati ambapo utumbo wake hauna damu ya kuvishughulikia. Wauguzi hawamnyimi chakula kwa ukatili. Aliyeleta kitu chochote akionyeshe kwanza kwa muuguzi au mtaalamu wa lishe wa wodi.

Nyongeza zenye ushahidi

Kwa kaya nyingi, kinga kubwa ya utumbo dhidi ya kukosa damu ni pakiti ya ORS. Mtoto anayehara hupoteza maji na chumvi, damu yake hupungua, na utumbo huwa wa kwanza kubanwa. ORS hufanya kazi kwa sababu sukari na chumvi huvuka ukuta wa utumbo kwa pamoja na kuvuta maji, na njia hiyo huendelea kufanya kazi hata mtu anapohara. Ichanganywe na kiasi kilekile cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti. Ikiwa nzito mno huvuta maji kurudi utumboni, na ikiwa nyepesi mno haisaidii. Mtoto anyweshwe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe; akitapika, asubiriwe dakika 10 kisha aendelee polepole. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, apelekwe kituoni mara moja.

Zinki huja pamoja na ORS. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalipendekeza mtoto anayehara apewe miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya miezi 6 apewe miligramu 10. Zinki hufupisha kuhara na kusaidia ukuta wa utumbo kujiziba. Kosa linalorudiwa ni kuacha vidonge siku ya 3 kwa sababu mtoto amepona. Siku zilizobaki ndizo zinazorejesha akiba ya zinki iliyotoka na kinyesi. Muhudumu wa afya ya jamii wa kijiji anaweza kusaidia kukumbusha.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kirutubisho bora hakiuzwi. Utumbo wa njiti haujakomaa, damu yake huyumba, na bakteria wakiingia vibaya kipande cha utumbo kinaweza kuoza ndani ya siku chache. Maziwa ya mama hupunguza hatari hiyo, na maziwa ya kopo huiongeza. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, yana kinga zinazopaka ukuta wa utumbo, hivyo hata matone machache yaliyokamuliwa kwa mkono yana thamani na hayafai kumwagwa. Mama aliye mgonjwa au ambaye maziwa yake hayajatoka anaweza kusaidiwa na maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa na kuchemshwa kitaalamu. Benki ya kwanza ya maziwa ya aina hiyo nchini Kenya ilifunguliwa mwaka 2019 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi. Kumkamulia mtoto maziwa ya jirani nyumbani bila vipimo ni jambo jingine, na linaweza kumwambukiza virusi. Maji ya glukosi, maziwa ya ng'ombe na dawa za kutuliza gesi hazina nafasi katika tumbo hilo dogo. Bakteria wa chupa nao si wa kujinunulia. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti aliyepewa bidhaa hiyo kupata maambukizi ya damu na kufariki.

Kurudi kwenye sahani

Mtu mzima aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo zamani aliwekwa bila chakula mpaka atoe hewa. Siku hizi wagonjwa wengi ambao shinikizo lao limetulia huruhusiwa kunywa na kula chakula laini mapema zaidi, kwa kuwa damu ikisharudi, chakula kidogo tumboni huamsha mtiririko wake na kulisha ukuta kutoka ndani. Anayeamua siku ni daktari aliyeuona utumbo huo kwa macho.

Aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula chochote cha maana anahitaji tahadhari ya pekee. Akirundikiwa sahani kubwa ya ugali na nyama siku ya kwanza, madini kama potasiamu na fosfeti hukimbilia ndani ya seli na kupungua kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana hospitali huanza na takriban nusu ya mahitaji au chini yake, hutoa vitamini B1 kabla ya chakula, na kupima madini ya damu. Watoto wenye utapiamlo mkali huanzishwa maziwa ya F-75, yaliyofanywa mepesi kwa makusudi, kabla ya yale mazito ya F-100. Wazazi wengine hulalamika kwamba mtoto anapewa maji ya maziwa tu. Wepesi huo ndio dawa yenyewe.

Nyumbani, chakula cha kurudisha nguvu hakihitaji mkebe. Uji mwembamba wa wimbi au mahindi ulioongezwa maziwa, yai la kuchemsha, mchuzi wa kuku au wa samaki, malenge, viazi na ndizi za kupika vinatosha kuanzia, kidogokidogo mara 6 kwa siku badala ya milo mitatu mikubwa. Glutamini inayouzwa kwa bei ya juu imo kwenye maziwa, mayai, nyama, samaki, omena na maharagwe. Anayekula protini ya kutosha anaipata kila siku. Maharagwe, ndengu na mboga zenye nyuzi nyingi zisubiri wiki za mwanzo zipite ikiwa utumbo umeunganishwa, kisha zirudi taratibu, kwa sababu bakteria wa utumbo mpana hugeuza nyuzi hizo kuwa asidi ambazo seli za huko huzitumia kama chakula chao kikuu. Maziwa lala ya kununua, yaliyochemshwa kabla ya kugandishwa, hayana tatizo kwa aliyepona. Aliye na kinga dhaifu aulize kwanza.

Dawa za maumivu za kununua dukani zinastahili neno. Diklofenaki na ibuprofeni hukwangua ukuta wa tumbo na utumbo. Mtu ambaye utumbo wake umetoka kukosa damu asizimeze bila ruhusa ya aliyemtibu. Tumbaku pia hubana mishipa ya utumbo jinsi inavyobana ya moyo.

Wapo pia wazee ambao hupata maumivu ya tumbo kama nusu saa baada ya kila mlo, wakaanza kuogopa chakula na kukonda. Wengi hutibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi, na familia hununua poda za kuongeza uzito. Kwa mvutaji sigara wa miaka mingi, au mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo, inawezekana ateri za utumbo zimesinyaa, na kila mlo unaomba damu ambayo haipo. Poda zaidi haitamsaidia. Anahitaji picha ya mishipa katika hospitali ya rufaa kabla mshipa haujaziba kabisa.

Aliyekatwa kipande kirefu cha utumbo mwembamba ndiye anayehitaji nyongeza kwa muda mrefu, na hapo zinapaswa kuandikwa na daktari. Kwa mtu huyu maji matupu mengi, soda na sharubati huongeza kuhara, kwa kuwa utumbo mfupi huyatupa nje pamoja na chumvi ya mwili. ORS inayonywewa kidogokidogo kutwa humfaa kuliko maji. Apimwe uzito kila mwezi kwenye zahanati iliyo karibu. Ikiwa sehemu iliyokatwa ni ile ya mwisho ya utumbo mwembamba, hawezi tena kufyonza vitamini B12 kutoka kwenye chakula. Akiba ya ini humtosha kwa muda, pengine miaka, kabla ganzi ya miguu na upungufu wa damu kuanza, na kufikia hapo wengi wameshasahau upasuaji ule. Sindano ya B12 kila baada ya miezi 2 au 3 huzuia hali hiyo. Barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali ndiyo inayoonyesha ni sehemu gani iliyokatwa, kwa hiyo itunzwe na ipelekwe kliniki kila anapokwenda.